Kitabu Alichokamata Mtani

Hivi wewe umewahi kuibiwa msibani kwako, mchana kweupe, watu wamejaa hadi uchochoroni, halafu ukaishia kumshukuru aliyekuibia? Mie yamenikuta, hapa hapa Tandale. Kaa vizuri nikusimulie, na usiniharakishe.

Jina langu Mwamvita. Mume wangu alikuwa Badru, fundi cherehani, Mzaramo kama mimi. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa barazani miaka yote, na kando yake kulikuwa na kiti cha mbao ambacho mguu mmoja umeungwa kwa waya. Kiti kile kilikuwa cha mtani wake, Mzee Khalfani, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa mjini na kazi ya reli, akakaa asirudi. Nyumba yake iko nyuma ya soko, ukishawapita wauza mihogo. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikuwa anakuja, anavua kandambili, anakaa, kisha anasema, "Haya Mzaramo, fungua nisikie leo umenitukana vipi."

Alichokuwa anataka kifunguliwe ni kitabu. Ni hadithi ya zamani iliyopigwa chapa kabla ya uhuru, miaka ya hamsini huko. Badru alikinunua Kariakoo kwa mzee mmoja aliyetandaza vitabu chakavu juu ya gunia. Jalada lilikuwa limeshatoka, kwa hiyo jina la mtunzi hatukulijua, na jina la kitabu chenyewe hatukulijua. Sie tukakiita Kitabu cha Mihambo, basi. Badru alikivalisha karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya ndani iliyo safi, akakishona mgongo kwa uzi mnene wa makochi. Mpaka leo hakijaachia hata karatasi moja.

Kinasimulia mambo ya misafara. Huyo Mihambo ni kirangozi, yaani yule anayetangulia mbele ya wapagazi kuwaonyesha njia. Anatoka Unyanyembe, huko Tabora, na watu wake, pembe za ndovu mabegani, wanashuka pwani. Njiani kuna njaa, kuna ndui, kuna simba. Wakifika mto Kingani, ndiyo Ruvu hii ya sasa, wanamkuta Mzaramo mmoja anaitwa Jumbe Mwinyikondo, anadai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla hajamruhusu mtu kuvuka. Wazee wetu walikuwa wanasema utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulizaliwa kwenye misafara kama hiyo. Ndiyo maana kitabu kile kilikuwa kama kimeandikwa kwa ajili ya baraza letu.

Wajukuu zangu wanadhani mtani ni mtu wa kurushiana maneno, mkacheka, yakaisha. Siyo. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anakuja kuchekesha watu waliokaukiwa na machozi. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake. Akitaka anakamata kitu cha marehemu, na nyie mnakikomboa kwa anachotaka yeye. Ndiyo heshima yake kwenu hiyo.

Sasa, Khalfani alisoma chuoni. Kurani anaijua, na herufi za Kiarabu anaziandika kwa mkono mzuri kabisa. Hizi za shuleni ndizo hakuzipata. Enzi za elimu ya watu wazima alikuwa porini anabadilisha mataruma ya reli, na alipohamia mjini akasema kichwa kimeshajaa. Kwa hiyo alichosoma Badru ndicho alichokipata. Na Badru, Mungu amrehemu, alikuwa anasoma kilichoandikwa na kisichoandikwa.

Kwa mfano, Mihambo akifika pwani, kwenye kitabu anasimama mchangani kimya, anawakumbuka waliofia njiani. Kwa Badru haikuwa hivyo. Kwa Badru, Mihambo anachota maji ya bahari, anaonja, anatema, anauliza ni mpishi gani kamwaga chumvi yote hii. Na Jumbe Mwinyikondo anatoza hongo mpaka ya vivuli, kwa sababu navyo vinavuka mto. Khalfani alikuwa anacheka huku kashika mbavu, kisha anasema, "Muongo mkubwa wewe, hiyo haimo." Badru anamgeuzia ukurasa: "Soma mwenyewe basi." Mwenzake anautazama, anautazama, anasonya. Kitabu kikiisha wanaanza upya.

Mie nilikuwaga ndani, dirishani, napepeta mchele au nachambua mchicha, na kila neno nalisikia. Nilisoma mpaka darasa la nne, kusoma nilikuwa najua vizuri tu. Siku moja Badru kaenda Kariakoo kununua bitana na vifungo, nikakifungua mwenyewe, nikafika pale mtoni.

Kwa Badru pale mtoni palikuwa hivi. Mdogo wake Mihambo, kijana anaitwa Kasanda, anafika anatetemeka kwa homa, hawezi hata kusimama. Jumbe Mwinyikondo anapiga kelele, anadai hongo yake, anatukana wapagazi wote mpaka babu zao, halafu anainama, anambeba Kasanda mgongoni, anaingia naye majini. Njia nzima analalamikia uzito. Anasema nyie huko kwenu mnakula mawe. Hapo Khalfani alikuwa anacheka kuliko pote, mpaka majirani wanachungulia.

Kwenye kitabu Jumbe hambebi mtu. Hongo imepungua, msafara hauvuki, basi. Siku zinapita. Kasanda anafia ukingoni, hajavuka, anauona upande wa pili.

Badru aliporudi nikamuuliza. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani, hakuinua kichwa. Akasema, "Ningemsomea hivyo, kesho angekuja kukaa wapi?" Sikuuliza tena. Lakini tangu siku ile, kila wakifika mtoni, nilikuwa naacha kupepeta mchele nasikiliza, kama mtu anayemtazama fundi akipitisha mkasi kwenye kitambaa cha ghali.

Badru alifariki mwaka jana, baada ya kuvimba miguu miezi kadhaa. Alikufa kwa utulivu, watoto wapo, mie nipo. Kwa hilo namshukuru Mungu kila nikisujudu.

Msibani watu walikuwa wengi. Mwanangu Mfaume anayekaa Chamazi alikuja na mkewe, Herieth. Huyu mkwe wangu ni mtoto wa Moshi. Alipoolewa akapewa jina la Mwanahamisi, lakini sie tumeshamzoea kwa Herieth. Anafanya kazi kwenye duka la dawa Mikocheni. Alimpenda baba mkwe wake sana. Siku ile alilia tangu alfajiri mpaka sauti ikakauka.

Baada ya kurudi makaburini, Khalfani akaingia uani. Kavaa koti la Badru lile la kijivu, miwani yake kaiweka kwenye ncha ya pua, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Akaanza kupima waombolezaji. Alimpima shehe tumbo, akatikisa kichwa, akasema hapa kitambaa hakitoshi, tuongezee na pazia. Shehe mwenyewe alicheka. Mie nilikuwa chumbani na wanawake wenzangu, mlango wazi, nikacheka, na ndipo machozi yaliyokuwa yamegoma yakatoka. Nilimshukuru moyoni.

Kisha akaenda barazani, akafungua saraka ya cherehani, akatoa kitabu, akakipachika kwapani. Akatangaza kwamba Mzaramo kaondoka hajamaliza kumsomea, kwa hiyo anakamata dhamana mpaka wenye mali wajue la kufanya.

Herieth akatokea jikoni na sinia la chai. Akaona mzee asiyemjua, maana yeye huja kwetu asubuhi na kufika alasiri ameshaondoka, kavaa koti la marehemu, anacheka, kashika kitu cha marehemu. Kwao utani upo, lakini ni wa maneno. Haya ya kuvaa na kukamata hakuwahi kuyaona. Akadhani ni mlevi. Akaweka sinia chini, akamshika mkono.

"Mzee, huna adabu," akamwambia. "Vua koti la watu, utoke."

Akawaita vijana wa bodaboda waliokuwa mlangoni, nao wakamtoa. Hakuna aliyewahi kusema neno, mambo yalikuwa ya haraka. Khalfani hakubishana. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti chake, akatoka. Lakini kitabu alikwenda nacho.

Mtani kufukuzwa msibani. Sijawahi kusikia.

Ukishafiwa na mume, kwetu unaingia eda. Unakaa ndani, hutoki, hukai kuzungumza na wanaume wa mbali. Kwa hiyo sikuweza kwenda kwa Khalfani kumwomba radhi. Nilikaa chumbani na mawazo mawili. La kwanza, aibu ya alivyotolewa. La pili ndilo lililoninyima usingizi: nyumbani kwa Khalfani kuna watu wanaojua kusoma. Mjukuu wake, Farida, yuko sekondari. Siku moja babu atamwambia fungua hapa, na mtoto atasoma kilichoandikwa, kwa sababu ndivyo shule inavyofundisha. Watafika mtoni. Na Badru hayupo kujieleza. Khalfani atajua kwamba rafiki yake alimdanganya miaka yote ile, na anaweza kuamini kwamba alikuwa anachekwa yeye. Nilitaka kitabu kirudi kabla ya ukurasa ule. Hilo tu.

Nikamtuma Mfaume na jogoo na doti ya kanga. Mfaume akarudi navyo. Khalfani alimpokea vizuri, akampa maji, akamwambia jogoo huyu Mzaramo kabisa, kelele nyingi, kazi hana, amrudishe kwa mama yake.

Nikamtuma jirani yangu Kokuberwa. Huyu ni Mhaya, mwalimu mstaafu, mtu wa kupanga maneno yake kwanza ndipo ayatoe. Alikwenda na Herieth, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshaelezwa utani ni nini na alikuwa hali wala hanywi kwa fadhaa. Kokuberwa alinisimulia yote baadaye, anacheka mpaka anafuta miwani. Herieth alipiga magoti mlangoni, akasema, "Shikamoo babu, nisamehe, sikujua." Khalfani akamtazama kwa muda mrefu. Akamwambia msamaha upo, ila watu wake yeye walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka baharini, naye hajawahi kumwona mtu wa Moshi kabeba hata kilo moja. Akamtwisha kapu la mihogo kichwani, akamwambia alizungushe soko zima, yeye atatangulia mbele, ndiye kirangozi.

Basi mkwe wangu, na viatu vyake vya kazini, alizunguka soko la Tandale na kapu kichwani. Mbele yake anatembea mzee kashika fimbo, anatangaza kwamba msafara unapita, tupisheni. Wauza nyanya walipiga vigelegele. Wachukuzi wakampa moyo, wakamfundisha kukaza shingo. Herieth mwenyewe aliniambia kwamba mwanzo alikuwa analia, walipofika kwa wauza dagaa alikuwa anacheka, na walipomaliza Khalfani alimtua kapu kwa mikono yake, akamwita mwanangu. Tangu siku ile hakosi kumpelekea dawa ya presha.

Lile la kwanza likaisha hivyo, nikashukuru. Lakini kitabu hakikuja. Khalfani alisema atakileta mwenyewe eda ikiisha, na bei ya kukomboa ataitaja siku hiyo.

Nikarudi kwenye lile la pili. Na haikuchukua muda, Kokuberwa akaingia na habari, hajui kwamba ananichoma. Kasema amepita kwa Khalfani, amemkuta Farida kakaa mkekani anamsomea babu yake, anasoma vizuri sana, kwa alama zote za kusimama na kupumzika. Nikamuuliza wamefika wapi. Akasema kwenye mto, nadhani.

Nilichukua ungo, nikapepeta mchele ambao nilikuwa nimeshaupepeta asubuhi.

Baada ya hapo Khalfani alinyamaza. Zamani alikuwa anatuma salamu za matusi kila akimwona mtu wa kwangu. Sasa ikawa salamu tu, kavu, kama za karani. Kisha hata hizo zikakoma. Mfaume alimkuta msikitini, akamwamkia, mzee akaitikia akaenda zake. Nikajua ameshafika, na kimemfika.

Nilimwomba Mungu jambo moja katika siku zile. Sikumwomba kitabu tena, kiende tu. Nilimwomba Khalfani asimchukie Badru.

Eda ikaisha. Niliogeshwa, nikavishwa kanga mpya, wanawake wakapika pilau, Herieth akasimamia jikoni kama mwenye nyumba. Baada ya alasiri watu wakapungua. Nikatoka barazani kwa mara ya kwanza, nikakaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Kokuberwa alikuwa pembeni yangu, na Mfaume ngazini.

Khalfani akaja. Hakupiga kelele za mbali kama kawaida yake. Alivua kandambili, akakaa kwenye kiti chake, kitabu mapajani. Alikuwa amekonda. Watu wa nyumbani wakamwamkia, akaitikia kila mmoja kwa jina. Mimi akanipa pole kama mtu mgeni, na mimi nikaipokea hivyo hivyo.

Halafu akasema, "Kasanda alikufa."

"Ndiyo," nikasema.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua."

Mfaume alitutazama, hakuelewa tunamzungumzia nani. Khalfani akaanza kueleza, polepole, macho yake kwenye ile karatasi ya saruji. Alisema Farida aliposoma pale alimwambia arudie, akidhani mtoto karuka mistari. Akarudia. Akamwambia arudie tena. Alipoona maneno ni yale yale alikasirika, akakipandisha kitabu juu ya kabati, akaapa kwamba hakirudishi, na nyumba hii haikanyagi. Alijiona mjinga. Miaka yote anacheka barazani kwa watu, na Mzaramo anajua anachokificha.

Nilitaka kumkatiza nimtetee mume wangu. Nikajizuia. Nimelea watoto saba, najua kumwacha mtu afike mwenyewe.

Akaendelea kusema kwamba hasira ile ilimkalia siku nyingi. Baadaye akaanza kufikiri kama fundi wa njia anavyofikiri, akirudi nyuma taruma kwa taruma. Akajiuliza, Badru akifika pale mtoni alikuwa anafanyaje? Macho yanaona mauti, mdomo unasema Jumbe kambeba. Hasiti. Hakohoi. Kila mara maneno yale yale, na hakuna palipoandikwa. Mtu anafanya kazi yote hiyo kwa ajili ya nani? Angetaka kumcheka Mnyamwezi, kitabu tayari kilikuwa kimemuua Mnyamwezi kwenye ardhi ya Wazaramo; alikuwa na haja gani ya kuhangaika kumfufua?

"Alikuwa ananivusha mimi," akasema.

Hapo ndipo mzigo wangu uliposhuka. Nilimwambia nashukuru. Nikamshukuru kwa kumwelewa rafiki yake, kwa kumsamehe Herieth, kwa kunichekesha msibani siku ambayo sikujua kama nitacheka tena. Nilimwambia na yale aliyosema Badru akitia uzi kwenye sindano, kuhusu kesho angekuja kukaa wapi. Khalfani akainamisha kichwa. Kokuberwa alikuwa ameshavua miwani yake kitambo.

Kisha akanyoosha mkono, akaniwekea kitabu mapajani. Nilishtuka, maana bei haijatajwa na mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kitu cha mtani hakikombolewi bure, watu watanicheka, ataje anachotaka. Mfaume akadakia kwamba mbuzi yupo, kama jogoo alikuwa Mzaramo mno. Khalfani akamwambia akae na mbuzi wake.

Muuza kahawa akapita akigonga vikombe, akaendelea na njia yake, na Khalfani bado anapapasa goti lake. Nilimwambia aseme tu. Mtu aliyemtukana mume wangu miaka yote ile asione haya kwangu leo.

"Siku ile nilichukua kitabu kwa kudhani Badru yumo ndani," akasema. "Hayumo. Farida anasoma vizuri, na huyo Mihambo wa kwenye kitabu ni mtu mkubwa, namheshimu, ila simjui. Wewe ulikuwa dirishani. Najua ulikuwa unasikia, ungo ulikuwa unanyamaza. Mie nilikuwa nataka unisomee wewe, mtani. Soma kama alivyokuwa anasoma yeye. Na ukifika pale mtoni, yule mtoto umvushe."